Maswali ya Wasomaji: Spika za Masikioni Zinazodumu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa chai wilayani Rungwe, jirani na mji wa Tukuyu. Ninapochuma chai hupenda kusikiliza nyimbo za kwaya na mahubiri kwa kicheza muziki kidogo kinachotumia memori kadi, kwa sababu simu naitunzia chaji hadi jioni. Shida yangu ni spika za kuchomeka masikioni. Nikinunua zile za bei nafuu pale stendi, upande mmoja hufa baada ya miezi miwili au mitatu. Safari moja nilijikaza nikanunua za bei mara nne ya hizo, nazo zikafa vilevile. Huku kwetu mvua ni nyingi, na mikono yangu ina unyevu muda wote wa kazi. Nichague za namna gani ili zidumu?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndugu yetu wa Tukuyu, kabla ya kuzungumzia bei, ni vema kwanza tujue ni sehemu gani hasa inayokufa. Ndani ya spika ya kawaida ya masikioni kuna sumaku, koili ya waya na kiwambo chepesi kinachotikiswa na koili hiyo, na vitu hivyo vitatu, visipoingiwa na maji wala kulazimishwa sauti kubwa kupita uwezo wake, huweza kufanya kazi kwa miaka mingi. Kinachokatika ni waya, nao haukatiki popote tu. Hukatika pale unapoingia kwenye pini, pale unapogawanyika kwenda masikio mawili, na pale unapoingia kwenye kila spika, kwa kuwa katika sehemu hizo waya laini hukutana na plastiki ngumu. Kila unapoinama na kuinuka shambani, waya hujikunja pale pale ulipojikunja jana, na nyuzi za shaba zilizomo ndani, ambazo ni nyembamba kama unywele, hukatika mmoja baada ya mwingine mpaka sauti ianze kukwaruza na hatimaye ipotee. Ndiyo maana zile za bei mara nne hazikukufaa. Yaelekea fedha uliyoongeza ililipia ubora wa sauti, boksi zuri au jina, wala haikuingia kwenye waya.

Basi ukifika dukani, iwe Tukuyu mjini au Mwanjelwa jijini Mbeya, anza kuzikagua kwenye miisho ya waya. Tazama kile kimpira kinachofunika mahali waya unapoingia kwenye pini. Hapa nitakiita shingo. Shingo nzuri ni ndefu kiasi cha sentimita moja hadi mbili, ni laini, na mara nyingi ina mikato midogo inayoiwezesha kupinda taratibu kama upinde badala ya kuvunjika kwa kona. Ukiishika pini na kuuinamisha waya kwa kidole, mpindo unapaswa kuenea katika shingo yote. Ukiona waya unapinda kwa kona kali palepale unapotokea kwenye plastiki, ziache hata kama muuzaji anazisifu kwa besi. Kagua vivyo hivyo kwenye kila spika na kwenye kifundo cha mgawanyiko, ambacho watengenezaji wengi hukisahau kabisa.

Umbo la pini nalo lina maana kubwa kwa mtu anayeweka kicheza muziki mfukoni. Pini iliyonyooka hutokeza nje ya kifaa, na ukiinama au ukikaa hugeuka kuwa wenzo unaoshindilia waya na wakati huohuo kulegeza tundu la kicheza muziki chenyewe, ambalo katika vifaa vidogo limeshikiliwa na risasi kidogo tu ya kulehemu. Pini iliyopinda kama herufi L hulala sambamba na kifaa, hivyo nguvu hiyo hupungua sana. Mimi, kwa kazi kama yako, nisingenunua pini iliyonyooka kama iliyopinda inapatikana.

Hesabu pia mistari myeusi iliyoizunguka pini. Pini yenye mistari miwili ni ya kusikilizia tu, na ile yenye mistari mitatu imeongezewa njia ya maikrofoni kwa ajili ya simu. Zote mbili ni za milimita 3.5 na zote huingia katika tundu la kicheza muziki, lakini pini ya simu ikiwekwa katika tundu lisiloijua, mara nyingine mguso wa waya wa pamoja haukai sawasawa. Hapo utasikia ala zikivuma kwa mbali huku sauti za waimbaji zimezama kabisa, na nyimbo za kwaya ndizo huharibika zaidi kwa namna hiyo. Watu wengi huzitupa spika wakidhani ni mbovu, kumbe ni nzima. Isitoshe, maikrofoni na vitufe vya sauti vilivyo katikati ya waya huongeza sehemu mbili nyingine ambapo waya hukutana na plastiki ngumu, pamoja na vitundu vya kuingizia jasho na mvua. Kwa kuwa huzungumzi na mtu kupitia kicheza muziki, chagua za mistari miwili zisizo na kitufe chochote.

Kuhusu ganda la waya, usivutwe sana na ule uliosukiwa uzi wa kitambaa. Uzi huo huzuia michubuko ya nje, lakini haulindi nyuzi za ndani zisikatike kwa kukunjwa, na kwa mtu wa Rungwe, ambako baadhi ya maeneo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kitambaa hunywa maji na kukaa na jasho. Ganda laini la mpira, ambalo likikunjwa hurudi lenyewe bila kuacha alama, linafaa zaidi. Plastiki ya kawaida ya bei rahisi hukauka kwa jasho na mafuta ya ngozi, na hukakamaa zaidi kwa baridi. Wasomaji wetu wa Njombe na Makete wanaijua hali hiyo katika asubuhi za mwezi Juni na Julai, waya unapotoka mfukoni ukiwa umekakamaa katika umbo lilelile ulilowekwa.

Lakini ikiwa unaweza kuongeza fedha mara moja ili usinunue tena na tena, suluhisho ninaloliamini kuliko yote ni kununua spika ambazo waya wake huchomolewa. Katika hizo waya hauunganishwi moja kwa moja na spika, bali huchomekwa kwa kiungo kidogo, na waya ukifa unanunua waya peke yake huku spika zikiendelea na kazi. Viungo vinavyopatikana zaidi ni vya aina mbili. Kuna kile cha duara kinachozunguka, kiitwacho MMCX, kinachotumika kwa mfano katika Shure SE215, na kuna kile cha pini mbili nyembamba, ambacho kampuni ya KZ ya China hukitumia hata katika spika zake za bei ya chini. Pini hizo hutofautiana unene, nyingine zikiwa za milimita 0.75 na nyingine 0.78, na hata umbo la kishikio hutofautiana, kwa hiyo unapoagiza waya wa akiba hakikisha ni wa aina hiyohiyo. Usizichomoe kila siku kwa kujaribu, kwa maana viungo hivyo hulegea. Wengi huziagiza kutoka Kariakoo au kwa njia ya mtandao, na mimi naona inafaa kungoja mzigo huo uje na basi kuliko kurudi stendi kila baada ya miezi mitatu.

Spika nyingi za namna hiyo hupitishiwa waya juu ya sikio na kushuka kwa nyuma. Mwanzoni huchosha kuvaa, lakini faida yake ni kwamba tawi la chai likiunasa waya, mvuto wa kwanza hupokewa na sikio, na shingo ya waya hupona. Kama zako si za kupitishwa juu, tafuta kibanio kidogo cha kushikiza waya kwenye kola ya shati. Kazi yake ni hiyohiyo.

Usishawishiwe na maandishi ya kwamba spika moja ina vitoa sauti vinne au vitano. Kwa mazingira yako kitoa sauti kimoja cha koili na kiwambo kinatosha, nacho huvumilia mtikisiko na unyevu kuliko vile vidogo vinavyotoa sauti kwa kijiti chembamba cha chuma kinachotikisika (balanced armature), vyenye mirija myembamba inayozibwa upesi na nta ya sikio. Kwa kuwa kicheza muziki chako hakina nguvu nyingi, angalia kwenye boksi ukinzani (impedance) wa omu 16 hadi 32 na usikivu (sensitivity), yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa nguvu ndogo, wa desibeli 100 hivi au zaidi. Jina kubwa lililochapwa kwenye boksi lisikutoe katika ukaguzi, kwa sababu boksi ni rahisi kuigiza kuliko shingo nzuri.

Nenda dukani na kicheza muziki chako. Kabla ya kulipa, weka mahubiri au mazungumzo, kwani mkwaruzo husikika zaidi penye sauti ya mtu mmoja kuliko penye ngoma. Izungushe pini taratibu ndani ya tundu, kisha uuinamishe waya kila upande kwenye miisho yake yote. Ukisikia upande mmoja ukipotea hata mara moja tu, zirudishe hapohapo.

Vimpira vinavyoingia sikioni huja kwa saizi tatu, na watu wengi hutumia vile vilivyokutwa vimefungwa bila kujaribu vingine. Kimpira kisichoziba vizuri hupoteza besi, na msikilizaji hulipa upungufu huo kwa kuongeza sauti, jambo linaloumiza kiwambo na, baya zaidi, linaloumiza sikio lisilonunuliwa kokote. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Anayesikiliza tangu asubuhi hadi jioni shambani ana sababu kubwa ya kutafuta kimpira kinachoziba na kushusha sauti. Hata hivyo, kuziba huko ndiko kunakokuhitaji uzitoe spika zote mbili unapotembea kando ya barabara kuu ya Mbeya na Kyela.

Mwisho kwa upande wako, acha kuuzungushia waya kicheza muziki unapomaliza kazi. Tabia hiyo huikunja shingo ya pini kwa nguvu usiku kucha. Chomoa pini kwa kuishika yenyewe, usivute waya, kisha uzungushe waya kwa duara pana la kiganja na uuweke kwenye kikopo chenye mfuniko. Zikilowa, zifute na uzitundike kivulini penye hewa. Usizifukie kwenye mchele, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye wavu mdogo unaofunika tundu la spika.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Iringa mjini. Je, kama waya ndio unaokufa, si bora ninunue zile zisizo na waya kabisa?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ni kweli kwamba utaepuka kukatika kwa waya, lakini utapokea kifo cha betri. Betri ya lithiamu iliyomo ndani ya spika hizo ni ndogo mno, hupoteza uwezo wake baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na kwa kawaida imefungiwa ndani kwa gundi kiasi kwamba fundi hawezi kuibadilisha bila kuharibu ganda. Kwanza hakikisha kicheza muziki chako kina Bluetooth, maana vingi vya bei nafuu havina. Ukiamua kuzinunua, tafuta alama ya kuzuia maji. IPX4 maana yake ni kustahimili marasharasha kutoka kila upande, na IPX7 ni kustahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Herufi X hapo inaonyesha kwamba hakuna kiwango cha vumbi kilichotajwa, kwa hiyo anayekwenda nyumbani Usangu, kwenye vumbi la kiangazi, atafute IP55 au zaidi, ambayo tarakimu yake ya kwanza ndiyo ya vumbi. Kama kudumu ndiko unakokutaka, ushauri wangu kwako ni uleule niliompa mwenzako wa Tukuyu.

SWALI: Spika yangu ya kushoto imefifia sana, lakini haijanyamaza kabisa. Nimtafute fundi au ninunue nyingine?
Mama wa Makambako

JIBU: Mama yetu, kufifia bila kukwaruza mara nyingi ni nta iliyoziba wavu. Ondoa kimpira, elekeza tundu la spika chini, na usugue wavu kwa mswaki laini mkavu ili uchafu udondoke nje. Usitie maji wala spiriti. Kimpira chenyewe unaweza kukiosha kwa sabuni na kukikausha vizuri kabla ya kukirudisha.

Ikiwa sauti huja na kupotea unapoutikisa waya karibu na pini, hapo waya umekatika, na kazi hiyo fundi simu wa Makambako anaiweza: atakata sentimita chache za waya na kufunga pini mpya. Mwambie tu kwamba nyuzi za ndani zimepakwa vanishi ya rangi, kwa kawaida nyekundu kwa upande wa kulia, kijani au bluu kwa upande wa kushoto, na rangi ya shaba kwa waya wa pamoja. Vanishi hiyo lazima iunguzwe kwa ncha ya moto yenye risasi kabla ya kulehemu, la sivyo risasi itashika juu juu na sauti haitapita. Mwombe pia aweke mpira mpya wa shingo kabla hajaifunga pini, na ujaribu pande zote mbili mbele yake kabla ya kumlipa.