Dubu wa binti awe Luteni Nyirenda: jibu langu kwa mleta mada

Dada, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia. Umesema binti ana dubu wa manyoya wa urefu wa sentimita 30 hivi, darasani kwao wanaandaa onyesho la 9 Desemba, kila mtoto aje na mdoli aliyevaa kama mtu wa historia ya nchi, naye kamchagua Luteni Alexander Nyirenda. Unauliza uanzie wapi, na kama yatosha kumpelekea fundi wa barazani nguo ya kichanga aipunguze. Ninashona mavazi ya midoli ya watoto wa ndugu na majirani hapa hapa Moshi, na kazi hii naipenda sana, kwa hiyo univumilie nikiandika marefu.

Nguo ya kichanga iache. Dubu hana umbo la mtu. Kichwa chake kinene kuliko kifua, shingo hana, mikono imeelekea mbele, tumbo limejaa, na nyuma kuna mkia. Ukipunguza nguo ya mtoto, shingo inabaki pana na mabega yananing'inia, dubu anaonekana kafunikwa tu. Pateni, yaani vile vipande vya karatasi vya kukatia kitambaa, lazima itoke kwenye mwili wake mwenyewe.

Inatolewa hivi. Mzungushie dubu nailoni nyepesi kiwiliwili chote na mikono, ikae karibu na mwili bila kumbana, manyoya yalale. Juu ya nailoni bandika selotepu ya karatasi, vipande vifupi vifupi, mpaka apate gamba. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari wa katikati mbele, katikati mgongoni, ubavuni kutoka kwapani hadi chini, na duara pale mkono unapoanzia. Andika kila kipande ni cha wapi kabla hujakata, maana vikishatengana vinafanana. Kata kufuata mistari kwa mkasi mdogo. Kipande kisicholala bapa kipasue kidogo ukingoni kitulie. Kisha vihamishie kwenye gazeti na uongeze nusu sentimita pembeni kwa ajili ya mshono. Usiongeze sentimita moja na nusu kama ya nguo ya mtu, kwani mishono minene kwenye kinguo kidogo inasimama na kuharibu umbo. Pateni hiyo itunze kwenye bahasha. Kila vazi jipya la dubu huyo litaanzia hapo.

Kwa kuwa kichwa kimezidi kifua, nguo isiyovutika iache wazi mgongoni, juu hadi chini, ifungwe kwa ule mkanda wa kunasa kama wa viatu vya watoto. Mtoto ataweza kumvisha na kumvua mwenyewe, na hilo kwake ndilo raha yote.

Sasa mhusika. Wengi wanakwama kwa kutaka kuweka kila kitu. Mtu anatambulika kwa vitu viwili vitatu vilivyofanywa vizuri. Abunuwasi ni kanzu na kilemba, basi. Sungura wa ngano anataka kofia iliyotobolewa masikio yatoke, kwa sababu masikio ndiyo yeye. Nyirenda anabebwa na bendera, mwenge, na mavazi ya baridi, kwa kuwa alivifikisha kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Hapo weka nguvu zako.

Na kwenye bendera nakuomba sana: msishone hii yetu ya leo yenye bluu. Iliyopandishwa usiku ule ilikuwa ya Tanganyika. Kijani juu, kijani chini, mstari mweusi katikati ukiwa na ufito mwembamba wa njano kila upande, yote ikilala kutoka kushoto hadi kulia. Bluu na ule mstari wa kukata kona kwa kona vilikuja baada ya Muungano wa 1964. Binti akiulizwa mbele ya darasa kwa nini bendera ya dubu wake ni tofauti, ana jibu, na wenzake wataondoka na kitu. Tumia utepe wa njano ulio tayari, usihangaike kukata fito za kitambaa. Ncha za utepe wa satini zipitishe haraka kwenye moto wa mshumaa zisichanike. Fanya hivyo kwa utepe wa nailoni au poliesta tu, wa pamba utashika moto. Kazi hiyo ifanye wewe, si mtoto.

Mwenge: kijiti laini kilichopigwa msasa, kikombe cha kitambaa kigumu, na ndimi za moto za rangi mbili, nyekundu na ya chungwa. Kitambaa kizuri kwa ndimi ni cha sufu iliyoshikana, kisichochanika ukingoni. Kama hukipati, tafuta sweta ya mtumba ya sufu halisi, ifue kwa maji ya moto huku ukiisugua, itajikunja na kuwa nene, halafu ikate upendavyo bila kupinda. Soma lebo kwanza. Sweta ya akriliki haitashikana hata uichemshe mchana kutwa.

Kwa nguo zenyewe, nenda Memorial, soko letu la mitumba hapa Moshi, na macho ya dubu. Mkono wa sweta ya mtu mzima ni sweta nzima ya dubu: ule mwisho wenye mpira unakuwa kola, unatoboa tu pa mikono, na kwa kuwa unavutika, kichwa kinapita. Soksi ya mtoto, ukikata sehemu ya juu na kuifunga upande mmoja, ni kofia ya mlimani. Koti lishone kwa kitambaa chepesi. Ukitaka michoro, angalia ukubwa wake, kwani hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Kitenge chenye maua makubwa kinammeza mdoli. Nikishona rubega ya mdoli, lile vazi la shuka la Kimasai, sikati shuka lenyewe, miraba yake ni mikubwa mno na kitambaa ni kizito. Nanunua shati jekundu la miraba midogo, na hapo rubega inaonekana rubega.

Kitambaa chochote chekundu au cheusi kiloweke peke yake na kukisuuza mpaka maji yatoke meupe, la sivyo kitamchafua dubu.

Fundi wa barazani mtumie kwa mishono mirefu tu. Mikono ya koti ni midogo, haiingii vizuri chini ya mguu wa cherehani ikishafungwa. Unganisha mkono na bega kitambaa kikiwa bado bapa, ndipo upige mshono mmoja kutoka kiganjani, kupitia kwapani, hadi pindoni. Kabla ya hapo piga bandi, ule mshono wa muda, kwa mkono, umvishe dubu, umkalishe, umwangalie. Mdoli hukaa zaidi kuliko anavyosimama, koti refu litamfunika uso akikaa.

Jambo la mwisho, umetaja kuwa kuna mdogo wake wa miaka miwili nyumbani. Basi usiweke vifungo wala shanga, tarizi vifungo kwa uzi. Kijiti cha mwenge kiwe cha kuvuliwa na kuwekwa juu baada ya onyesho, na shingoni asiwe na kamba yoyote.

Mpime leo jioni: mzunguko wa kichwa, wa kifua, wa tumbo, na urefu kutoka begani hadi anapokalia. Weka vipimo hapa, pamoja na picha yake ya mbele na ya ubavuni, nitakuchorea koti na kofia kwenye karatasi ya miraba niiweke humu ili na wengine wenye watoto darasa hilo wachukue.