Utungisho nje ya ua: maswali ya wasomaji

SWALI: Wataalamu wa safu hii, salamu na hongereni kwa kazi. Darasani tuliambiwa kuwa yai la mahindi limewahi kutungishwa ndani ya tone la kimiminika, bila ua wala hindi, na maelezo yakaishia hapo. Hufanywaje hasa, na ugumu uko wapi?
*Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Morogoro*

JIBU: Ni kweli, tena si jambo la jana. Erhard Kranz na Horst Lörz wa Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, walichapisha mwaka 1993 habari za mahindi yaliyokua hadi kuzaa, yakiwa yameanzia kwenye yai moja na gameti (seli ya uzazi) moja ya kiume zilizounganishwa kwa umeme. Kuungana kwenyewe ni suala la sekunde. Kazi iko kabla na baada.

Tuanze na kabla. Hindi changa hufunikwa mfuko kabla nywele hazijachomoza, ili chavua isifike. Likikomaa, ovyuli (vijisehemu ambavyo vikitungishwa huwa mbegu) hutolewa moja moja na kukatwa kipande kidogo chenye mfuko wa kiinitete, ambamo yai hukaa. Vipande hivyo huloweshwa kama nusu saa kwenye maji ya manitoli (aina ya sukari) yenye vimeng'enya vya kulegeza pektini na selulosi, vitu vinavyojenga kuta za seli. Vimeng'enya havikutolei yai. Vinalainisha tu kuta. Yai unalitoa mwenyewe chini ya hadubini, kwa sindano za kioo, ukisukuma tishu polepole hadi liteleze nje. Ukizidisha muda wa kulowesha, utando wa yai unadhoofika na yai linapasuka likiguswa tu. Ukipunguza, linang'ang'ania seli jirani na kuchanika. Kwa mpunga mambo ni mepesi kidogo: ovari hukatwa ndani ya manitoli, sehemu ya chini ikasukumwa kwa sindano, na mayai hutoka bila kimeng'enya chochote.

Upande wa kiume ni rahisi. Chavua ya mahindi inapodondoka kutoka kwenye mbelewele tayari ina gameti mbili za kiume ndani yake. Iweke kwenye kimiminika chenye nguvu ya osmosi isiyolingana na yake, itapasuka na kuzimwaga. Nyanya na tumbaku hazikupi nafasi hiyo, kwa sababu gameti zake hutokea baadaye, seli moja ikigawanyika mrija wa chavua ukiwa safarini.

Sasa umeme. Yai na gameti huwekwa kwenye tone la manitoli la maikrolita 2 hivi, lililofunikwa mafuta ya madini lisikauke. Manitoli iwe ya takriban miliosmoli 570 kwa kilo ya maji, karibu gramu 100 kwa lita. Ikiwa nyepesi zaidi, seli hunywa maji na kupasuka. Mkondo geu wa megahezi 1 huzivuta seli zishikane kwenye elektrodi, kisha hupigwa mpigo wa mkondo mnyoofu wa maikrosekunde 50 wenye nguvu ya kilovolti 0.9 hadi 1 kwa sentimita. Kama hazikuungana, rudia mara moja au mbili. Kuongeza volti kwa pupa huua yai. Njia nyingine ni kuacha umeme na kutumia kalsiamu. Iko karibu zaidi na maumbile, ila inataka mkono mtulivu wa kuzigusanisha seli.

Baada ya hapo ndipo wengi hukwama. Zigoti (yai lililokwisha kutungishwa) moja ikiachwa peke yake kwenye chakula cha maabara hufa. Huwekwa ndani ya kikombe kidogo chenye kitako cha utando wa kupitisha kimiminika, na nje ya kikombe huogelea seli nyingine za mahindi ambazo kazi yake ni kulea tu. Viini viwili huungana ndani ya saa moja hivi. Mgawanyiko wa kwanza huja kati ya saa 40 na 60, na haugawi sawasawa: upande mmoja seli ndogo iliyojaa, upande wa pili seli kubwa yenye vakuoli (vifuko vya maji). Ukiona mgawanyo huo, una haki ya kutabasamu. Lakini usitangaze chochote kama hukuweka mayai yasiyotungishwa kwenye chakula kilekile, kwa muda uleule. Yai nalo laweza kuchokozwa na homoni likaanza kugawanyika, na bila ulinganisho huo huna ushahidi wa utungisho.

Ukikuta vitabu vya zamani vikitaja "utungisho wa chupani" wa mwaka 1962 huko Delhi, kwa kundi la Panchanan Maheshwari, huo ni mwingine. Walichukua ovyuli za afyuni, wakazinyunyizia chavua juu ya chakula, na mrija wa chavua ukafanya kazi yake ya kawaida.

SWALI: Kwa nini ua linahitaji gameti mbili za kiume wakati yai ni moja? Na maabara wakitumia moja, ile ya pili hawaihitaji?
*Mwalimu wa sekondari, Kilifi*

JIBU: Mwalimu, gameti ya kwanza huingia kwenye yai, ya pili kwenye seli kubwa ya katikati, na hiyo seli ndiyo inayozaa endospermu, chakula cha kiinitete. Sergei Navashin aliliona jambo hili mwaka 1898 kwenye maua ya jamii ya yungiyungi. Huko Kilifi mnakunywa endospermu kila siku: maji ya dafu ni endospermu ambayo haijajengewa kuta za seli, na nyama ya nazi ni ileile ikiwa imejengewa.

Maabara wanaihitaji, ila huifidia. Ndiyo maana ya zile seli za kulea. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walitumia maji ya nazi kukuzia viinitete vichanga vya mnanaha, vilivyokuwa vikigoma kwenye chakula cha kawaida. Sukari nayo ina neno. Kiinitete kichanga, kingali duara, hutaka asilimia 8 hadi 12. Kilichokomaa hutosheka na 2 au 3. Ukimpa mchanga sukari ya mkubwa, huacha kujijenga na kukimbilia kuota, ukapata mche dhaifu usio na viungo kamili.

SWALI: Tunaambiwa migomba ya NARITA imetoka maabara. Je, ni ya kupachikwa jeni?
*Mkulima, Bukoba*

JIBU: Hapana, mzee wetu. Ni mahuluti yaliyotokana na kazi ya NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, na utungisho wake ulifanyika shambani, kwenye mgomba. Ndizi za kupika zenye asili ya Afrika Mashariki zilichavushwa kwa mkono asubuhi, maua ya kike yakiwa yamefunikwa mfuko, kwa chavua ya mgomba mwitu kama Calcutta 4 wenye ukinzani dhidi ya sigatoka nyeusi, ugonjwa wa ukungu wa majani. Uzao wake ukachavushwa tena kwa migomba iliyoboreshwa. Mkungu mzima unaweza usitoe hata mbegu moja.

Mbegu ikipatikana, maabara ndipo inapoingia. Ukiipanda kwenye udongo mara nyingi haioti, kwa kuwa endospermu yake ni pungufu au haipo. Kwa hiyo mbegu hutolewa kwenye ndizi mbivu na kuloweshwa (zinazoelea kwa kawaida ni tupu), husafishwa kwa spiriti na klorini, kisha hupasuliwa chini ya hadubini. Ndani kuna kiinitete cheupe chenye umbo la uyoga. Hicho hulazwa kwenye chakula cha Murashige na Skoog (mchanganyiko wa chumvi na vitamini wa kukuzia mimea maabara) chenye sukari gramu 30 kwa lita na pH 5.8, kikakaa gizani hadi kichipue. Kinachoharibu kazi ni kisu kukikata kiinitete mbegu inapopasuka, na ukungu uliojificha kwenye ganda.

SWALI: Shule yetu ina hadubini moja tu. Tufanye nini?
*Klabu ya sayansi, Eldoret*

JIBU: Otesheni mirija ya chavua. Chupa ya kwanza: kalsiamu naitreti gramu 3 kwenye mililita 100 za maji safi. Chupa ya pili: asidi ya boriki gramu 1, magnesiamu salfeti gramu 2 na potasiamu naitreti gramu 1, kwenye mililita 100 nyingine. Msichanganye chupa hizi zikiwa nzito, mtapata tope jeupe la jasi. Chukueni mililita 1 kutoka kila chupa, sukari ya mezani gramu 10, ongezeni maji hadi mililita 100. Tone moja kwenye kioo, chavua mbichi ya asubuhi juu yake, na kikaratasi chenye unyevu pembeni. Vinka ya bustanini inafaa. Mahindi yaacheni, chavua yake hufa haraka. Chavua ikipasuka badala ya kuota, ongezeni sukari hadi gramu 15. Ikikaa kimya kabisa, ilikuwa kuukuu.