Kwa mkaguzi mpya wa ubora: mzigo ukikosa meli, siku zilipotelea wapi?

Ukiajiriwa kukagua ubora kwenye kiwanda cha nguo za kuuza nje, pale Athi River au kwenye eneo lolote la EPZ (eneo maalumu la viwanda vya bidhaa za kuuza nje), jua mapema kwamba siku mzigo utakapokosa meli Mombasa, idara ya kwanza kutajwa kikaoni itakuwa yako. Utaambiwa nguo zilikuwa tayari, ila mkaguzi amezikataa. Wewe ndiye wa mwisho kuzishika kabla ya kontena kufungwa, kwa hiyo kuchelewa kunaonekana mikononi mwako hata kama kulizaliwa wiki tatu kabla. Kazi yako ni kuujua mlolongo mzima, na kuuandika.

Chukua oda ya suruali 6,000 za jinzi. Majora ya kitambaa yanatoka ng'ambo na yamekawia siku sita njiani. Tarehe ya meli haisogei, kwa hiyo mpangaji anabana kazi za katikati, na mara nyingi kinachobanwa kwanza ni vipimo vya kitambaa, kwa sababu havitoi hata suruali moja ya kuhesabu. Hapo ndipo oda huharibikia.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kata kipande kutoka kila jora, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, kisha ukifue kwa mpango uleule wa dobi, yaani kitengo cha kufulia, utakaotumika kwa suruali: maji yaleyale, joto lilelile, dawa zilezile, na kukausha vilevile. Kikishapoa, pima tena. Mraba uliobaki sentimita 48.5 kwa urefu umeruka, yaani umenywea, asilimia 3. Uliobaki 47 umeruka asilimia 6. Panga majora kwa makundi ya mruko, kila kundi likatwe kwa patani yake, yaani kiolezo chake cha kukatia. Vipande hivyohivyo vishonwe pamoja kama blanketi, uone na tofauti za rangi.

Sasa tazama kinachotokea makundi yakichanganywa. Mshono wa ndani wa mguu unatakiwa uwe sentimita 81 baada ya kufuliwa. Patani ya mruko wa asilimia 3 inakatwa kama sentimita 83.5. Jora la asilimia 6 likikatwa kwa patani hiyo, mguu unatoka dobi ukiwa 78.5. Umepungua sentimita 2.5, na wanunuzi wengi huruhusu takriban 1.3 tu. Hakuna fundi aliyekosea mshono wala opereta aliyezembea. Suruali ilikuwa fupi tangu mezani pa kukatia, na haiwezi kurefushwa.

Piga hesabu ya muda pia. Kupima majora huchukua siku moja, au mbili dobi ikiwa na foleni. Kukagua upya suruali zote 6,000, kwa dakika mbili kila moja, ni saa 200 za kazi. Wakaguzi kumi wa zamu ya saa nane watamaliza kwa siku mbili na nusu, kabla hujagusa lebo, kupiga pasi tena na kufungasha. Anayeomba vipimo virukwe ili kuokoa muda aonyeshwe hesabu hii akiwa bado hajakata kitambaa. Zungumza naye kwa heshima, lakini jibu lake likae kwenye karatasi.

Kwenye laini za kushona, viwanda vingi hutumia ukaguzi wa vipande saba: unapita kwa kila opereta bila kutangaza, unachukua saba kutoka bunda lake, na kadi yake inapata rangi. Bila kasoro ni kijani, moja ni njano, mbili au zaidi ni nyekundu na mashine inasimama. Wakaguzi wageni huona aibu kusimamisha mashine ya mama aliyeshona miaka kumi. Isimamishe. Mshono wa mnyororo ulioruka kwenye msamba hauonekani vizuri kabla ya dobi, lakini ukishafuliwa uzi unafunguka wote. Angalia sindano kwanza, maana ikiwa butu au imepinda hukosa kunasa uzi. Kisha mwite mekanika aangalie kama ndoano ya chini imepoteza wakati wake, yaani haikutani tena na sindano inavyopaswa. Ukimaliza hapo bado hujamaliza: kila kipande alichoshona tangu ulipompitia mara ya mwisho kitengwe na kikaguliwe. Hatua hiyo ndiyo husahaulika, na ndiyo hurudi kukuumbua kwenye ukaguzi wa mwisho.

Namna unavyoandika ndiyo itakayoamua lawama itaenda wapi. "Laini 4 wanazembea" ni maneno ya ugomvi, hayamsaidii mtu. Andika hivi: "Laini 4, saa 4:20 asubuhi, mshono wa msamba, kasoro 3 kati ya vipande 7, uzi umeruka, sindano imebadilishwa, vipande 46 vimetengwa, supavaiza ametia sahihi." Sentensi hiyo haimtukani yeyote, na mwezi mmoja baadaye inaonyesha nani aliarifiwa na saa ngapi. Andika vivyo hivyo kuhusu siku majora yalipoingia stoo, siku zipu na lebo zilipofika, na siku mnunuzi alipoidhinisha sampuli. Zipu zikichelewa, laini hukaa bure mchana kisha hulipia usiku kwa ovataimu, na kasoro za saa mbili usiku mara nyingi huzidi za asubuhi.

Ukaguzi wa mwisho hufanyika nguo zote zikiwa zimekamilika na angalau asilimia 80 zikiwa kwenye katoni. Kwa oda ya 6,000, jedwali la ISO 2859-1 (kanuni ya kimataifa ya kuchagua sampuli), kiwango cha kawaida cha ukaguzi cha II, linataka sampuli ya nguo 200. Kwa AQL (kiwango cha kasoro kinachokubalika) ya 2.5, kasoro kubwa 10 zinapita, 11 zinakataliwa. Kwa kasoro ndogo AQL 4.0, mpaka ni 14 na 15. Kasoro ya hatari, kama kipande cha sindano ndani ya mshono, hairuhusiwi hata moja. Soma mwongozo wa mnunuzi ujue nguo moja yenye kasoro mbili inahesabiwaje. Chagua katoni mwenyewe, zikiwemo za chini na za nyuma kabisa. Zilizopangwa karibu na mlango, ziache.

Ukifika kasoro ya 11, utaombwa uiangalie tena kwa jicho la huruma. Namba haina huruma, na wewe huna mamlaka ya kuibadilisha. Wajibu wako ni kusema kilichopatikana. Kusafirisha au kutosafirisha ni uamuzi wa meneja pamoja na mnunuzi. Zipo njia: kupeleka kwanza zilizo safi na nyingine kwa meli inayofuata, kuomba kibali cha maandishi mzigo uende ulivyo, au kupandisha sehemu ndege kutoka Nairobi kwa gharama kubwa mno. Njia zote hizo zinahitaji mnunuzi aambiwe mapema. Ripoti iliyopambwa huziba zote, na ndiyo maana usitie sahihi ripoti ya sampuli ambayo hukuihesabu.

Ukipewa barua ya kujieleza, usijibu kwa hasira siku hiyohiyo. Jibu kwa tarehe na saa, ambatisha nakala za ripoti zilizotiwa sahihi, na usimtuhumu mwenzako kwa jambo ambalo hukuliona. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kukuachisha kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Na wakitaka kukukata mshahara kwa sababu ya nguo zilizoharibika, kifungu cha 19 kinaruhusu kiasi cha haki tu, kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Suruali iliyoruka dobini kwa sababu majora hayakupimwa haimo humo, mradi ombi lako la vipimo liko kwenye faili likiwa na tarehe.