Jibu: Je, Kenya ulinzi hupewa zaidi ya afya?
Habari ndugu. Umeuliza kwa nini Wizara ya Ulinzi Kenya inatengewa pesa nyingi kuliko Wizara ya Afya. Kwanza fungua bajeti za kaunti 47: tangu ugatuzi (kuzipa kaunti madaraka) wa 2013, zahanati na hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, ilhali ulinzi wote umebaki serikali kuu. Kwa hiyo fungu la Wizara ya Afya peke yake halionyeshi pesa zote za afya.

Kisha tazama pesa zilizotoka kweli. Mwaka mmoja, kwenye kikao cha wananchi, niliona fungu la dawa la kaunti yetu limenona kwenye makaratasi. Zahanatini kabati lilikuwa tupu, muuguzi akituandikia dawa tukanunue nje. Iliniuma. Hazina ikikauka, deni hulipwa kwanza, dawa husubiri. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ofisi inayofuatilia matumizi ya pesa za serikali; usiishie kwenye makadirio.