Mleta mada, usimeze hiyo zinki kabla hujajumlisha

Mkuu, weka hiyo chupa chini kwanza.

Umeandika kwamba mafua hayakuachi, kila baada ya wiki mbili tatu uko kitandani, kwa hiyo umenunua zinki ya miligramu 50, utameza asubuhi na jioni kwa miezi 6, na juu yake multivitamini, vitamini C ya miligramu 1000 na vitamini D. Unauliza ipi inywewe saa ngapi, ipi ina nguvu zaidi, na kama mwanao wa miaka 4 naye aanze. Nimeisoma mara mbili moyo ukinidunda, maana orodha hiyo nilikuwa nayo mimi. Zinki 50, mara mbili kwa siku, miezi 10. Hivi ninavyoandika, vidole vyangu vya miguu bado vina ganzi.

Aliyenipoteza ni mshauri mmoja wa afya wa kwenye video, na muuzaji akamalizia kazi. Wote wawili walinipa sentensi moja: "Haina madhara, ikizidi unaikojoa." Nilimuuliza muuzaji macho kwa macho, nitumie kwa muda gani? Akasema hata maisha yote. Sentensi ile ina ukweli kidogo kwa vitamini C. Kwa zinki ni uongo, maana njia yake kuu ya kutoka ni choo, na huko utumboni ndiko iliponiharibia mambo.

Sikilizeni na wengine mnaopita. Zinki ikizidi, seli za utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothionini. Protini hiyo hushika shaba kwa nguvu kuliko inavyoshika zinki. Seli za utumbo huishi siku chache tu, kisha hubanduka na kutoka na choo, na shaba ya chakula chako inatoka nazo. Unakula vizuri, shaba ipo kwenye sahani, lakini haifiki kwenye damu. Na mwili unahitaji shaba kidogo mno, mikrogramu 900 kwa siku, kiasi kwamba hakuna anayeifikiria mpaka imekwisha.

Msidhani ni nadharia. Kuna ugonjwa wa Wilson, ambao shaba hujazana kwenye ini na ubongo. Wagonjwa wake hupewa zinki miligramu 50 mara tatu kwa siku, kusudi izuie shaba isiingie mwilini. Hiyo ni tiba, na daktari anawafuatilia kwa vipimo. Wewe unataka kumeza theluthi mbili ya dozi hiyo kwa ajili ya mafua, bila anayekupima.

Miezi ya mwanzo nilijiona shujaa. Mafua yalipungua, au niliamini yamepungua. Mwezi wa saba nikaanza kuhema nikipanda ngazi. Vikaja vidonda mdomoni visivyopona. Nikapimwa damu: damu imeshuka, na chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, zile zinazotangulia kupambana na bakteria, zimeshuka vibaya sana. Mtu aliyekuwa anameza vidonge kila siku kwa ajili ya kinga!

Nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Wiki 6, damu haikupanda hata kidogo. Sasa najua kwa nini: protini zinazotoa chuma kwenye ghala za mwili na kukiingiza kwenye mzunguko zinategemea shaba. Bila shaba chuma kinakaa kimefungiwa. Hakuna aliyeniuliza ninameza nini kingine, nami sikusema, kwa sababu kichwani mwangu vitamini hazikuwa dawa. Kosa hilo nalibeba.

Mwezi wa kumi miguu ikaanza. Kwanza ganzi kwenye vidole, kisha nikawa natembea kama nimekanyaga pamba, gizani nayumba. Nikatobolewa mfupa wa nyonga kuchukua uboho, kwa sababu damu ya namna ile inafanana na magonjwa ya uboho yanayoweza kuishia kwenye saratani ya damu. Nilisubiri majibu siku kadhaa nikiwatazama watoto wangu wakilala. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Aliyeniokoa ni daktari kijana aliyeniambia, "Kesho njoo na kila kitu unachomeza nyumbani, hata pipi za koo." Nikampelekea mfuko. Akavipanga mezani, akachukua kalamu, akajumlisha. Vidonge vya zinki, miligramu 100 kwa siku. Multivitamini, 15 nyingine. Pipi za zinki za kumumunya nilipohisi koo linawasha, sikumbuki hata idadi. Akaniandikia kipimo cha shaba. Ikaonekana imeshuka sana, zinki iko juu. Zinki nikaacha siku ileile, nikaanzishiwa shaba. Chembe nyeupe zilirudi ndani ya wiki 6 hivi, damu ikakaa sawa baada ya miezi miwili. Miguu haikufuata. Neva zikishaumia kwa kukosa shaba mara nyingi hazirudi zote.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na nitaiandika kwenye kila uzi wa aina hii: chukua karatasi, JUMLISHA zinki ya kila kopo ulilonalo kabla hujameza. Mwanaume mzima anahitaji miligramu 11 kwa siku, mwanamke 8. Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni 40, chakula kikiwemo, na wataalamu wa Umoja wa Ulaya wao wameweka 25. Kuvuka hapo wiki hadi wiki bila daktari, usithubutu.

Na usome lebo vizuri, maana hapa wengi wanateleza. Kuna uzito wa kiwanja chote na kuna uzito wa zinki yenyewe. Zinki salfeti ya miligramu 220 ina zinki yenyewe kama 50. Zinki glukonati ya miligramu 50 ina kama 7 tu. Unachojumlisha ni zinki yenyewe. Lebo isiposema, rudi ukamuulize mfamasia, na akishindwa kukujibu kiache kidonge hicho.

Kuna watakaosema nina uadui na zinki. Sina. Aliyepungukiwa zinki kinga yake inalegea kweli, na kumrudishia ni jambo jema. Hata zile za kumumunya, baadhi ya tafiti zimeonyesha zinaweza kufupisha mafua ukianza ndani ya saa 24 za kwanza. Lakini hizo ni za siku chache. Miezi 6 ni habari nyingine kabisa.

Mtoto: hapana, hapana kabisa. Wa miaka 4 anahitaji miligramu 5 na kikomo chake ni 12. Kidonge chako kimoja ni zaidi ya mara nne ya kikomo hicho. Atakuja mtu aseme watoto wanaoharisha hupewa zinki 20. Ni kweli, WHO na UNICEF walipendekeza hivyo mwaka 2004, lakini ni kwa siku 10 hadi 14, kwa sababu maalumu, kisha wanaacha. Mpeleke apimwe.

Vitamini C haitakudhuru kama zinki, ila usitegemee makubwa. Linus Pauling, mkemia mwenye Nobeli mbili, aliivumisha tangu 1970 na watu wakamfuata. Majaribio yaliyofanywa baadaye yameonyesha kwamba kuimeza kila siku hakuwazuii watu wa kawaida kupata mafua. Kwa watu wazima kunapunguza siku za kuumwa kwa kama asilimia 8. Gramu 2 kwa siku ndiyo mwisho, zaidi ya hapo tumbo litakuendesha.

Na kama mafua yanakurudia kila wiki mbili kweli, hilo lenyewe linahitaji daktari. Inaweza kuwa mzio, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kitu ambacho hakuna chupa itakigusa.

Umesema umeanza Jumatatu. Siku chache hazijakufanya kitu, tulia. Lakini toa makopo yote sasa hivi, hata multivitamini, hata ya kumumunya, uniandikie hapa jumla ya zinki yenyewe kabla hujameza cha jioni. Niko macho, nasubiri.