Mwanangu, kuhusu ule wimbo wa salama

Mwanangu, salamu zako nimepata, sisi tuko sawa, mbuzi wa babako kazaa pacha. Umeniuliza kama Jumamosi mkienda kwa rafiki yako aliyefiwa na mtoto mumwimbie "Ni salama rohoni mwangu" au mtamuumiza. Nimekaa na hilo swali siku mbili na kila nikitaka kukujibu naishia kwa nyanyako.

Mjomba wako alivyopotea baharini unajua, sina haja ya kurudia. Ile sikuwahi kukwambia ni siku ya pili. Kusi inavuma, maji yanapiga mpaka kwa minazi, wanaume wako Mayungu wanatafuta ngalawa, na sisi vijana wa kwaya tukaja nyumbani kuimba na mimi ndio nikaanzisha, miaka kumi na sita, sauti ninayo, nataka kumfariji mamangu. Tulipofika tu hapo kwa "amani kama shwari" nyanyako akainuka mkekani, akanitazama, akasema, "Shwari iko wapi?" Akatoka akaenda ufuoni bila viatu. Mpaka leo nikisikia huo wimbo unaanzwa matangani tumbo lanikaza.

Nyinyi huko Nairobi kwa Kiingereza mnaimba amani kama mto. Aliyetutafsiria sisi akaweka shwari, na mtu wa Malindi shwari anaijua kwa macho, hata mtoto mdogo atakwambia leo ipo au haipo. Na aliyeuandika naye ni bahari ilimchukulia! Horatio Spafford, wakili wa Chicago, mabinti wanne, Novemba 1873, meli ya Ville du Havre iligongana na nyingine huko Atlantiki ikazama, mkewe akaokoka bila hata mtoto mmoja. Philip Bliss alipoutilia tuni akaipa tuni hio jina la meli. Sasa ona, Spafford hakuletewa wimbo na kwaya, ni mwenye msiba ndiye aliyeanza. Ndio maana nasema kila siku, na babako ameshachoka kunisikia, wimbo huu huanzwa na aliyefiwa, sisi wengine tunaitikia.

Lakini tena najiuliza. Maana miezi baadaye, kaskazi imeshaingia, bahari imetulia tuli, niko jikoni nasikia nyanyako uani anakuna nazi na anaimba polepole, wimbo ule ule, akifika kwa shwari ananyamaza, anakuna, alafu anaendelea. Je, kama nisingeuimba ile siku angekuwa nao mdomoni? Labda angekuwa nao, aliuimba tangu mimi mdogo. Labda mimi ndio nilimharibia ikamchukua miezi yote hio kuurudisha. Sikumuuliza, na sasa hayupo. Na hata kumuitikia sikutoka, nilisimama pale na mwiko mkononi, hilo ndilo laniuma kushinda lile la kwanza.

Kwa hivyo sikwambii imba wala usiimbe, ingawa moyo wangu uko upande gani wewe unajua. Nenda, beba unga na sukari, mwoshee vyombo, kaa naye. Nyimbo zingine ziko nyingi. Akiuanza mwenyewe, hata kwa sauti ndogo, muitikie, ushike ile sauti ya pili niliyokufundisha, usimwache aimbe peke yake.

Ukirudi nyumbani nipigie, hata iwe usiku.

Mamako