Jibu: Kama Rolex ni Benzi, Seiko ni gari gani?
Mkuu, kwenye saa za mkono, Seiko ni Toyota, hapo sina ubishi. Fundi yeyote wa mtaani anaifungua, na iliyotumika haikosi mnunuzi. Hata kupanda daraja wamefanana: Toyota walileta Lexus, chapa yao ya kifahari, mwaka 1989, Seiko nao wakaitenga Grand Seiko, saa zao za hadhi ya juu, ikawa chapa inayojitegemea mwaka 2017.

Ila Rolex kuiita Benzi, hapana. Mimi naipeleka kwa Porsche. Tazama Submariner, saa ya Rolex ya wapiga mbizi, ya 1953 na ya leo: duara jeusi kuzunguka kioo, vinukta vya mviringo kwenye uso. Sasa tazama Porsche 911 ya miaka ya sitini na ya sasa: taa za duara, mgongo ule ule ulioteremka. Wote hurekebisha kidogo kidogo, sura haibadiliki. Benzi mpe Omega, kampuni nyingine ya saa.

Casio F-91W, ile saa ya plastiki ya bei rahisi? Probox hiyo, na nasema kwa heshima zote.